Zamu ya Sauti

Kugawa kitu kisichotosha ni mtihani mkongwe wa binadamu, na mnara wa simu umeurithi. Kigawanywacho hapo ni mawimbi. Wenye kukigombea ni wengi: mmoja anazungumza, wa pili anatazama filamu, wa tatu anangojea picha. Katika mtandao wa kizazi cha nne mgawaji, ambaye si mtu bali ni hesabu iliyotiwa katika mashine, huamua mara elfu moja kwa kila sekunde nani apewe na nani angoje. Ni kadhi gani aliyepata kuwa na mashauri mengi kama hayo?

Angeweza kumpa kila mtu zamu sawa. Angeweza pia kumpa daima aliye karibu, kwa kuwa mawimbi yaleyale humfikishia mengi zaidi. Jumla ingeongezeka, na aliye mbali angekufa kiu kando ya kisima. Njia ya kati hulinganisha kile mtu awezacho kupata sasa na kile alichokwisha kupata, hata aliyekosa kwa muda mrefu asogee mbele. Ni busara kwa filamu na picha. Kwa sauti haitoshi.

Sauti haihitaji kingi. Hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kimoja kidogo mno. Lakini kipande kimewekewa milisekunde 100 tu kuvuka mtandao, na kikichelewa hakimfai tena msikilizaji. Kimoja katika mia kikipotea huvumiliwa. Samaki wabichi na mtama wakifika sokoni pamoja, hapana aitaye upendeleo kupitishwa kwanza kwa samaki.

Hivyo sauti hutangulizwa, wala si kwa utukufu wake. Porojo hupata heshima ileile apatayo mgonjwa amwitaye tabibu, maana mgawaji hasikii maneno. Upofu huo ni fadhila: hautazami cheo cha msemaji, bali kile ambacho kungoja kungekiharibu.

Katika simu za kale njia ilikuwa milki ya msemaji tangu salamu hata kwaheri, na aliponyamaza ilikaa bure. Sasa aweza kuahidiwa nafasi kila milisekunde 20 bila ya kuiomba upya, na akinyamaza ahadi huondolewa. Kimya cha mmoja ni chakula cha mwingine. Walakini aliye ukingoni, mwenye simu isiyofika vema, hurudia kipande kimoja mara nne mfululizo ili asikike. Neno lake lina gharama kuliko neno la jirani ya mnara, na gharama hulipwa na wote. Kumnyima kwa ajili hiyo ni kumwadhibu kwa mahali alipo.

Shida kubwa iko mlangoni. Mnara ukijaa, mgeni hukataliwa ili walio ndani wasikatiwe maneno. Aliyetangulia na porojo hubaki. Aliyechelewa na msiba hurudishwa. Hapo upofu uliokuwa fadhila hugeuka dhuluma, na hesabu peke yake haina dawa. Ndiyo maana watu, si mashine, walitenga nambari za dharura na kuzipa haki ya kupita mbele. Lakini mwana anayempigia mama yake mgonjwa kwa nambari ya kawaida hungoja mlangoni pamoja na wengine.