Anayemfunga Mbwa Amejitwika Riziki Yake

Mbwa hachagui nyumba ya kulelewa. Huletwa akingali mdogo, hupewa jina, na tangu siku hiyo chakula chake, maji yake, matembezi yake na mara nyingi hata siku ya kufa kwake huamuliwa na mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo uhusiano wa mbwa na mwenye mbwa ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la ufugaji. Linalotakiwa kujulikana ni hili: aliyeshika mamlaka yote juu ya kiumbe asiyeweza kumshtaki, hupimwa kwa kipimo gani?

Pasua, kata iliyo kusini mwa mji wa Moshi, hulionyesha suala hili waziwazi. Waislamu na Wakristo huishi huko ukuta kwa ukuta, na mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi. Mchana hukaa bandani au kwenye mnyororo. Usiku, geti likishafungwa, hufunguliwa azunguke uani. Nyumba moja humwacha alale barazani, nyingine haimruhusu hata kusogelea mlango. Ni rahisi kudhani kwamba nyumba ya kwanza inampenda na ya pili inamchukia. Dhana hiyo haisimami, maana umbali kati ya mtu na mbwa wake hausemi lolote kuhusu haki anayotendewa.

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Madhehebu ya Imamu Malik hayamhesabu hivyo. Hata hivyo hukumu ya twahara haifuti wajibu wa huruma. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim yasimulia habari za mtu aliyemkuta mbwa akila udongo wenye unyevu kwa ukali wa kiu. Alishuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Hadithi nyingine yataja mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Fundisho lake lagusa kila banda la mbwa. Mnyama aliye huru hujitafutia. Anayemfunga amejitwika riziki yake yote.

Mapokeo ya Kikristo hufika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Mithali 12:10 huhesabu kumjali mnyama wa nyumbani kuwa alama ya mwadilifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, hufundisha kwamba kumtesa au kumuua mnyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu, na papo hapo huonya kwamba mnyama asipewe pendo linalowastahili watu peke yao.

Wanafalsafa hawakukubaliana. Aristotle aliona kwamba hapawezi kuwa na urafiki wala haki kati ya mtu na farasi au ng’ombe, kwa kuwa hawana jambo la kushirikiana. Kant alifundisha kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu anastahili kutunzwa mpaka afe, ila kwake wajibu huo ni wa mtu kwa ubinadamu wenyewe. Mwaka 1789 Bentham aliuliza kama mnyama anaweza kuumia, na kwa swali hilo akamrudisha mnyama mwenyewe katikati ya hoja. Utafiti wa baadaye unampunguzia Aristotle nguvu. Mary Ainsworth, aliyechunguza mama na watoto wachanga karibu na Kampala katika miaka ya 1950, alionyesha jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa ngome ya kutokea na kurudia. Mwaka 1998 watafiti wa Hungaria walitumia kipimo alichokibuni baadaye, wakaona mbwa nao huchezacheza na kuchunguza mahali pageni zaidi bwana wao akiwapo. Basi kuna jambo wanaloshirikiana, nalo ni kuaminiana.

Kuaminiana huko huonekana geti linapofunguliwa. Mbwa anayetendewa vema humjia bwana wake mwili ukiwa umelegea, mkia ukipepea hadi kiuno kinayumba. Akiitwa huja, akikanywa hutulia, na akila mtu anaweza kupita karibu bila yeye kukakamaa. Bakuli lake lina maji safi, sakafu ya banda ni kavu hata wakati wa masika, na mnyororo, kama upo, haujamchubua shingo.

Uhusiano ulioharibika nao una dalili zake. Mkia huingia katikati ya miguu, masikio hulala nyuma, tumbo hugusa ardhi, weupe wa macho huonekana. Wengine hulamba midomo na kupiga miayo hali hawana njaa wala usingizi. Hayo ni mahangaiko. Mbwa aliyefungwa kutwa huzunguka njia ileile mpaka udongo unaacha alama. Kwa upande wa mtu, dalili ni kumpiga kwa hasira za mambo mengine, na kumnyima chakula kwa imani kwamba mbwa akishiba halindi. Njaa na fimbo humfanya mbwa awe mwoga, na mbwa mwoga humuuma mtoto wa nyumbani kama anavyomuuma mwizi. Pendo lililopita kiasi huharibu pia: mbwa aliyelishwa mpaka akanenepa kupita kiasi, au asiyezoeshwa kubaki peke yake hata siku moja, anatumika kuziba upweke wa mtu.

Amana hii ya kumtunza mbwa inawahusu majirani vilevile. Kichaa cha mbwa, kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Chanjo ikiwafikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika. Kwa hiyo kumwita bwana mifugo kwa wakati ni sehemu ya kumtendea haki mbwa na mtaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo imeufanya ukatili kwa wanyama kuwa kosa.

Kipimo cha mwisho ni uzee. Mbwa asiyesikia tena hatua za mgeni hana faida kwa ulinzi wa mali. Anayemtupa barabarani amethibitisha kwamba alikuwa na chombo cha kazi. Anayeendelea kumwekea chakula na maji amethibitisha kwamba alikabidhiwa kiumbe, naye amelitambua hilo.