Arobaini ya Tumbusi

Kila mwaka, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 15 Julai, sehemu kadhaa za miamba ya Yosemite, kule California, hufungwa. Hakuna kukwea. Umeweka akiba mwaka mzima, umenunua kamba, umekata tiketi ya ndege, halafu unafika na kuambiwa kozi wanalea, urudi baadaye. Na watu wengi wanageuka bila vita. Hapo ndipo ninaposhangaa, kwa sababu mimi ni Mkenya na najua vile sisi huangalia kibao.

Kozi ninayemsema ni yule ndege mwindaji anayeshukia mawindo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Swali langu ni hili: mtu asiye na nia mbaya, asiyebeba bunduki wala sumu, ana deni gani kwa ndege kama huyu?

Maana mkwezi hamgusi. Anapita tu. Lakini ndege alichagua ule mwamba kwa sababu hakuna kitu kinachofika pale kwa miguu. Kichwa cha mtu kikitokeza ukingoni, mzazi anaruka, anazunguka angani akipiga kelele. Huku nyuma yai linapoa, au kifaranga kinapigwa na jua, au ndege mwizi anaona nafasi. Mkwezi anafika juu, anapiga selfi, anashuka, anakunywa soda. Hajui kitu. Sisi tumezoea makosa yenye mkosaji, mtu wa kunyooshewa kidole. Hapa hasara inaingia na mwenye kuileta ana furaha safi kabisa, na hakuna shahidi.

Utaniambia si wakwezi waliokaribia kuwamaliza kozi wa Marekani. Kweli. Ilikuwa DDT, dawa ya wadudu iliyofanya maganda ya mayai yawe membamba hadi mama akiatamia yanapasuka. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Miaka sita baadaye kiota cha kozi kilionekana tena Yosemite, kwenye ukuta wa El Capitan, na waliokiona walikuwa wakwezi. Wakwezi haohao walisaidia wanasayansi kufika viotani, kutoa mayai mabovu na kurudisha vifaranga walioanguliwa kwenye uangalizi. Mwaka 1999 kozi akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

Sasa njoo nyumbani. Hell's Gate, pale Naivasha, watu hukwea Fischer's Tower na kuta nyingine za mbuga. Kwenye majabali ya mbuga hiyohiyo hutagia tumbusi wa Rüppell, wale ndege wa mizoga ambao tangu 2015 wamewekwa daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Tumbusi huyu hutaga yai moja. Moja tu. Kuliatamia ni karibu miezi miwili, na kifaranga hukaa miezi mingine kama mitano kabla hajaweza kuruka. Likiharibika, msimu umekwenda.

Na kinachomuua zaidi si kamba ya mtu. Mfugaji amepoteza ng'ombe kwa simba, anamwaga sumu kwenye mzoga, na tumbusi wanashuka kwa makumi kula. Nyaya za umeme nazo zinaua. Ndani ya Hell's Gate penyewe kuna mabomba ya mvuke. Kwa hivyo kijana mwenye helmeti ana haki ya kuuliza: mbona mimi?

Nimelizungusha hilo swali sana, na naona linageuka dhidi ya anayeliuliza. Tumbusi walipokuwa wengi, yai lililopotea lilikuwa yai. Sumu imewapunguza, na sasa yai lilelile lina uzito mwingine. Yaani ubaya wa wengine haunipunguzii mimi deni, unaniongezea. Si haki, nakubali. Ni kama kuzaliwa kwenye nyumba yenye madeni: hukukopa wewe, lakini sahani iliyobaki ni moja na ukiivunja mnakula kwa mikono. Anayemwaga sumu lazima adaiwe, tena kwa sauti, lakini kumdai yeye hakulifanyi yai liwe jepesi mkononi mwangu.

Isitoshe, hebu tuangalie kinachoombwa. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa Olkaria kupisha mradi wa umeme wa mvuke, na hawakuambiwa warudi Julai. Mimi mwenyewe nilifungiwa geti la chuo kwa sababu ya karo. Hakuna aliyetaja tarehe ya kufunguliwa. Ukishafungiwa hivyo, unajifunza kutofautisha. Katazo lenye sababu unayoweza kwenda kuiona, na lenye siku ya mwisho, ni mnyama mwingine kabisa. Pwani mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, na hakuna mgeni mwenye akili anayeona ameonewa akiambiwa asubiri. Arobaini ya tumbusi ni ndefu, basi.

Ila nina sharti. Kule Yosemite kuna watu wanaokaa na darubini kufuatilia viota, na ukuta ukionekana hauna kiota unaweza kufunguliwa mapema. Katazo linalochungulia ndege ndilo ninalotetea. Siku Hell's Gate itakapofungwa hivyo, kazi ya darubini wapewe vijana wa pale wanaojua kila ufa wa lile jabali, na walipwe mwisho wa mwezi kama mfanyakazi mwingine. Wakiweka kibao tu na mnyororo, mwaka mzima, bila mtu wa kuangalia juu, nitauliza mbona mimi, na safari hiyo nitataka jibu.