SINDANO NDANI YA NYUMBA YA MUISLAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu uchi akamfunza kujisitiri. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu wa pwani wametuuliza kwa nini darasa yetu hapa Majengo, Pumwani, iliyoanzishwa kwa kusoma tafsiri na fiqhi, siku hizi kila Jumamosi baada ya alasiri hugeuka mahali pa nyuzi na mikasi. Mmoja ametuandikia kwa ukali kwamba pahala pa dini si duka la fundi. Ni wajibu wetu kumjibu, naye atuwie radhi kama jibu litakuwa refu, kwani nusu yake ni kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka uliopita, siku chache baada ya Idi, alikuja chuoni kijana wa miaka kumi, kanzu yake imechanika kuanzia kwapani mpaka karibu na kiuno. Wenzake wakamcheka. Mimi, badala ya kuwakanya waliocheka, nikamgeukia aliyechekwa nikamwambia: "Nenda nyumbani, mwambie mamako aishone, kisha urudi." Nikadhani nimemfundisha adabu ya kusimama mbele ya Kitabu cha Mungu. Kijana akaenda. Kesho hakurudi, wala kesho kutwa. Siku ya kumi na moja nikaambiwa yuko Gikomba, achukua mizigo ya watu kwa ujira.

Nikaenda kwao. Nikamkuta nyanyake ameketi mlangoni. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, Maalim, karibu." Nikamuuliza khabari ya mjukuu wake, naye akaingia ndani akatoka na ile kanzu, imefuliwa na kukunjwa vizuri, na mchaniko wake ni ule ule. Akaniambia: "Maalim, macho yangu hayalioni tena tundu la sindano. Mamake hutoka alfajiri kwenda kuuza nguo, hurudi usiku, na kushona hakufundishwa. Fundi ataka pesa, na pesa iliyopo ni ya unga. Uzi ninao. Nikupe wewe uishone?"

Wallahi hakuwa na kejeli. Alidhani mtu aliyesoma hawezi kushindwa na jambo dogo kama lile. Nami nikaishika ile kanzu, nikaigeuza huku na huku, nisijue pa kuanzia. Nina miaka arubaini na mitatu. Nimesoma Minhaj, na mlango wa mavazi nimewafundisha watu si mara moja. Na uzi sikujua kuutia sindanoni. Nilimfukuza mtoto wa watu kwa upungufu nilionao mimi.

Basi nikarudi vitabuni kwa aibu, nikakuta niliyokuwa nikiyasoma siku zote bila ya kuyaona. Katika Suratul Aaraf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu awakumbusha wanadamu wote kwamba Yeye ndiye aliyewateremshia mavazi ya kufunika tupu zao na ya kujipamba, kisha akalitaja vazi la ucha Mungu kuwa ndilo bora. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 80, atwambia kwamba Nabii Daud alifunzwa ufundi wa kutengeneza mavazi ya kuwakinga watu vitani. Na katika Surat Saba, aya ya 11, Daud aamrishwa azitengeneze deraya kamili na apime sawasawa katika kuziunganisha pete zake. Mtazameni Nabii, tena mfalme, apewa wahyi juu ya vipimo vya mshono! Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alisema hapana chakula bora kuliko kile mtu akilacho kutokana na kazi ya mkono wake, akamtolea mfano huyo huyo Daud.

Wazee wetu husema fundi wa kwanza wa nguo duniani ni Nabii Idrisa. Limo katika vitabu vya visa, lakini hatuna juu yake hadithi sahihi ya Mtume. Basi tusilitie katika dini. Hatuna haja nalo. Yanatutosha yale aliyoyasema Mama wa Waumini, Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake: akajibu kuwa alikuwa akiishona nguo yake, na akikitengeneza kiatu chake, na akifanya kazi wazifanyazo wanaume majumbani mwao. Someni tena maneno hayo ya mwisho, enyi mnaosema sindano ni kazi ya wanawake. Kwa Bibi Aisha, kushona ni katika kazi za mwanamume nyumbani.

Wala wanawake hawakuachwa nyuma. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume, alikuwa hodari wa mikono: akidabighi ngozi, akishona, na pato lake akilitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mwanzo ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono yao. Alipokufa Zaynab mwaka wa 20 wa Hijra, kabla ya wenzake, ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ulikuwa ni wa kufanya kazi na kutoa. Naye Anas ameeleza katika Muwatta ya Imam Malik kwamba alimwona Sayyidna Umar, naye ni Amiri wa Waumini, nguo yake ina viraka vitatu baina ya mabega, kimoja juu ya kingine. Iko na hadithi ya Tirmidhi kwamba Bibi Aisha aliusiwa asiiache nguo mpaka kwanza aitie kiraka; isnadi yake ina udhaifu, basi twaitaja kwa kuihadharisha, si kwa kuitegemea.

Na kwa ndugu yetu aliyetuandikia, twamwongezea Imam Ghazali, ambaye kwetu sisi Mashafii hana haja ya kutambulishwa. Katika Ihyaa ameitaja kazi ya kushona pamoja na kilimo na kufuma katika mambo ya fardhi ya kifaya: mji ukikosa kabisa mwenye kuijua, dhambi ni ya wote. Aliyeandika hayo alikufa mwaka wa 505 wa Hijra. Si uzushi wa Majengo.

Huenda nyinyi mlio Lamu na Mombasa mkaona haya ni maneno ya ajabu. Kwenu mwanamume kuketi barazani na kofia ya vito mapajani, akitoboa na kuzungushia uzi tundu moja baada ya moja kwa miezi, si jambo la kutazamwa mara mbili. Nami nimezaliwa huko. Babu yangu alizitaja sehemu za kanzu kama atajavyo viungo vya mwili wake: badani, taharizi, kikwapa, sijafu, kaba. Huku Nairobi nimewauliza vijana arubaini wa chuo changu taharizi ni nini. Hakujua hata mmoja, na baadhi walidhani ni jina la mtu.

Na huku ndiko ambako jambo hili lina msiba wake. Majengo ni mtaa wa Waislamu wa zamani. Pumwani ilianzishwa na Serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wa Pangani ulipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wengi walihamishiwa Shauri Moyo, jirani yetu. Upande wa pili tuna Gikomba, soko la mitumba lisilo na mfano nchini. Nguo za Ulaya na Marekani hushushwa pale kwa marobota, na mama wa yule kijana ni mmoja wa wanaozifungua. Twaishi juu ya mlima wa nguo, na watoto wetu wachanika makwapa! Nchi hii ilikuwa na viwanda vyake, kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret. Mpaka kufika mwaka 2000 vyote viwili vilikuwa vimefunga milango, ingawa Rivatex baadaye, mwaka 2007, kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi kikafufuliwa. Skuli nazo, tangu mwaka 1985 zilipoingia katika mpango wa 8-4-4, ziliwafunza watoto wa msingi kushona katika sayansi ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likatolewa katika mitihani, na kisichotahiniwa mwalimu hakisomeshi. Nguo ikawa ni kitu cha kununuliwa kwenye fungu, na ikichanika hutupwa, hununuliwa nyingine kwenye fungu.

Sisemi mitumba ni haramu. Ni halali, na wangapi wamesitirika kwayo. Lakini gauni lililokatwa kwa mwanamke wa nchi nyingine halikukatwa kwa kipimo cha sitara yetu. Ajuaye sindano huongeza kipande mkononi, hushusha upindo, huziba mpasuo. Asiyejua hulivaa kama lilivyo, kisha sisi masheikh tukapanda mimbari kumlaumu. Tumelaumu mno, tukafundisha kidogo.

Jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema ni sare za harusi. Bibi harusi achagua kitambaa, na kila shoga na jirani lazima akinunue na amlipe fundi, ama asionekane. Wiki tatu baadaye harusi nyingine, rangi nyingine. Nimeletewa kesi ya talaka ambayo shina lake, tulipoichimba, lilikuwa ni deni la sare nne katika mwaka mmoja. Wanaume nao msicheke: kanzu mpya ya kila Idi kwa mkopo ni ugonjwa huo huo.

Na hata walio na sindano wameifungia kwa itikadi zisizo na asili. Mara sindano hainunuliwi wala haiazimwi usiku. Mara nguo haishonwi ikiwa mwilini, eti ni kushona riziki. Haya yametoka wapi? Si katika Kitabu wala si katika Sunna. Sindano ya usiku ina khatari moja tu, nayo ni kuangukia mkekani ukaikalia.

Sasa niwaeleze twafanya nini siku ya Jumamosi. Anayetufundisha ni mama mmoja wa hapa mtaani, mshonaji wa miaka mingi, ambaye hakuturuhusu kugusa cherehani kwa miezi miwili. Kwanza mkono. Tukaanza na kutia uzi na kufunga fundo. Kisha bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza tu, ambayo hufumuliwa kazi ikiisha. Kisha mshono wa kurudi nyuma, ambao kila pigo huanzia nyuma ya lile lililotangulia, na ndio imara kwa kwapa na mfuko. Kisha upindo, sindano ikidonoa nyuzi mbili tatu za nguo ili mshono usionekane nje. Mimi nilijidunga mara nisizozihesabu, mbele ya wanafunzi wangu. Na tuliposhona bandi peke yake tukadhani tumemaliza, mama yule akaivuta nguo ikaachana mikononi mwake. Nikaikumbuka ile aya ya 92 katika Suratun Nahl, ya mwanamke afumuaye uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Nimeisomesha miaka ishirini, na sikupata kuuona uzi wake mpaka siku ile.

Baada ya mkono, kukata. Kanzu ya mtoto si vigumu, kwani karibu mishono yake yote imenyooka. Kitambaa kipya cha pamba hufuliwa kwanza, maana hurudi, yaani hupungua. Na asiyekifua hushona kanzu ya mwaka huu ikawa ya mdogo wake. Kisha huchukuliwa kanzu ya zamani inayomtosha, hutandazwa juu ya karatasi za gazeti, hufuatishwa kwa kalamu, huongezwa vidole viwili pande zote kwa ajili ya mshono na vinne chini kwa ajili ya upindo, ili mtoto akirefuka nguo nayo ishushwe. Hupimwa mara mbili kabla ya mkasi. (Gazeti lenye jina la Mungu au aya halitumiwi, tumelazimika kulisema kwa kuwa lilitokea.)

Mafundi wa mtaa walituona kwanza kama maadui wa riziki yao. Tukawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) aliitikia mwaliko wa fundi wa nguo, akala kwake mchuzi wenye mung'unye, kama alivyosimulia Anas katika Bukhari, hatuna la kuwadharau. Suti na gauni la harusi twawapelekea wao. Ila nasi tukawakumbusha Suratul Mutaffifin: kitambaa kinachobaki ni mali ya mwenyewe, hata kikiwa shubiri moja, nacho hurudishwa pamoja na nguo. Wawili kati yao sasa huja kutusaidia.

Yule kijana amerudi chuoni. Ile kanzu niliishona mimi, na kwapa lake la kulia limekaa juu kidogo kuliko la kushoto. Nilipotaka kulifumua nilitengeneze, alinikataza. Yeye mwenyewe amekwisha kumshonea nyanyake foronya mbili, na Jumamosi ndiye anayewatilia uzi wenye macho mabovu, na mimi nikiwa mmoja wao.

Kama kuna ndugu wa Mombasa, Malindi au Lamu mwenye cherehani ya mkono iliyolala kabatini, tunayo haja nayo. Tunayo moja tu, na wanafunzi ni ishirini na sita. Mabaki ya vitambaa twayapokea pia, hata yakiwa madogo. Na wakazi wa Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Eastleigh wanakaribishwa, wanaume saa kumi na nusu, wanawake Jumapili wakati huo huo. Kila mmoja aje na nguo moja iliyochanika.

Wabillahi tawfiq.