Anayedai Asimame Wapi?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali. Mtu akikataa kukulipa jasho lako, na wewe unajua kabisa kwamba anazo, una ruhusa ya kumfanya nini? Nasema ruhusa, sisemi uwezo. Uwezo kila fundi anao: nyumba anaijua ilipo, na kitasa anajua kinafunguliwaje kwa sababu alikifunga mwenyewe. Ninachouliza mimi ni haki. Haki ya anayedai inaanzia wapi, na inaishia wapi?

Wahenga walituachia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Tena wakatuonya kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Maneno matamu, lakini yote mawili yanamtazama mdaiwa. Anayedai hakuachiwa dawa. Ameachiwa kungoja, na kungoja hakujazi sufuria.

Swali hili sikulitoa kitabuni. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yangu hayakunipeleka mbali, nikaenda kujifunza useremala kwa mjomba wangu pale Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo makabati na vitanda hupangwa kando ya barabara kama vile nyumba za watu zimegeuzwa ndani nje. Mwaka 2022 alitujia mteja mmoja, mtu wa heshima zake, ana gari, anamalizia nyumba nje kidogo ya mji. Alitaka milango mitatu ya mninga pamoja na fremu zake. Wakakubaliana shilingi 1,200,000. Akatoa advansi ya 700,000. Karatasi haikuandikwa, walipeana mikono, wakacheka, basi.

Sasa nataka msomaji ambaye hajawahi kukaa karakana aelewe hesabu hii, maana hoja yangu yote imelala humo. Advansi si ya fundi. Advansi ni ya mbao, ya kuzisafirisha, ya kuzipitisha kwenye mashine ya kuranda, ya bawaba, vitasa, gundi, msasa na vanishi. Zile laki saba ziliisha kabla mlango wa kwanza haujasimama. Laki tano zilizobaki ndizo zilikuwa kodi ya kibanda, chakula cha nyumbani kwa mjomba, na kitu kidogo changu mimi. Kwa hiyo mteja anapolipa advansi halafu akagoma kumalizia, hajalipa nusu ya kazi. Amelipa mbao, akakataa kumlipa mtu.

Tulifunga milango yote mitatu. Akaipapasa, akaisifu, akasema, "Fundi, njoo Ijumaa." Ijumaa akasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi mlango mmoja eti unagusa sakafu. Mjomba akauvua, akaupiga randa, akaurudisha. Mwezi uliofuata simu ikawa haipokelewi. Kila safari ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na siku nzima bila kazi. Mwezi wa tatu akatoka getini mwenyewe akatuambia, "Kwanza bei yenyewe mlinipiga. Nendeni mnakotaka kwenda."

Nakiri kwamba siku ile nililala na hasira ambayo sijawahi kuijua. Si hela tu. Ni ile sauti. Alituambia kama mtu anayemfukuza kuku.

Wiki moja baadaye mjomba alikwenda msibani. Nikachukua bisibisi, nikakodi kirikuu, nikaenda peke yangu. Niliwakuta bibi mmoja, mama yake huyo mteja, na watoto wawili wadogo. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuutengeneza ule mlango?" Nikamwambia ndiyo. Akanikaribisha chai. Nikanywa. Halafu nikaanza kufungua skrubu za mlango mkubwa wa mbele, na yule bibi, kwa wema wake, akanishikia mlango usinidondokee.

Niliurudisha Keko nikiwa nimeshinda. Mjomba alipofika magharibi akaukuta umeegemea ukuta. Nikamweleza kwa fahari. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu: "Nani amelala mle ndani leo?" Nikamwambia ni bibi na watoto. Akanyamaza kidogo, akatoa hela yake mfukoni, tukakodi kirikuu tena. Tuliufunga usiku kwa mwanga wa tochi. Bibi akauliza, "Umepona?" Mjomba akamjibu, "Umepona, mama." Tukiwa njiani akaniambia, "Mjomba, mimi namdai yule bwana. Yule mama simdai kitu."

Tangu hapo nimekuwa nikibishana na nafsi yangu. Upande mmoja wa nafsi unasema: ulikosea nini? Mlango hujalipwa, basi mlango ni wako. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini hebu tuutazame vizuri ule mlango. Mbao zake zilinunuliwa kwa hela ya mteja. Bawaba ni za hela yake. Chetu mle ni kazi: jicho la mjomba, mikono yake, siku zake. Laiti ningeweza kufungua kazi nikaacha mbao, ningekuwa nimechukua changu bila kumdhulumu mtu. Haiwezekani. Kazi ikishaingia kwenye kitu haitoki tena. Ndiyo maana fundi anahitaji kulindwa kuliko muuza nyanya, maana nyanya unaweza kuzirudisha kwenye tenga.

Dini zetu zililiona jambo hili zamani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mna amri mbili zinazokaa karibu kabisa. Moja inataka kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijazama, kwa kuwa moyo wake umeutegemea ule ujira. Nyingine inamwambia aliyekopesha asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, mdaiwa amletee. Nilipozisoma kwa mara ya kwanza nilidhani zinapingana, moja ya mdai na nyingine ya mdaiwa. Sasa naona ni amri moja. Anayestahili kulipwa kabla ya magharibi ndiye huyohuyo anayeweza kukamatwa na hasira mlangoni kwa mtu. Waislamu nao wanafundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka, na kwamba tajiri anayechelewesha deni makusudi anafanya dhuluma. Wakati huohuo Kurani, katika Sura ya Baqara, aya ya 280, inataka aliyebanwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike. Maana yake kuna wadaiwa wa aina mbili. Yuko asiyenacho na yuko asiyetaka. Wa kwanza anastahili subira. Wa pili hastahili, ila hata yeye ana mama, ana watoto, na hao hawakukubaliana bei na mtu.

Wenzangu wapenda vitabu watamkumbuka Shylock, ambaye Mwalimu Nyerere alimletea Kiswahili katika tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi, 1969. Yule mtu alikuwa na mkataba, alikuwa amedharauliwa na kutemewa mate, na alikuwa anadai kweli. Kosa lake halikuwa kudai. Kosa ni kwamba alifika mahali akakataa fedha zake mwenyewe alipoletewa, hata zaidi ya deni. Alitaka nyama ya mtu. Nami nilipokuwa nafungua zile skrubu, je, nilikuwa nataka laki tano? Nikisema kweli, hapana. Nilitaka yule bwana arudi usiku akute nyumba iko wazi, aone uchungu. Hapo ndipo deni linapogeuka kisasi, na ukiwa ndani yake hulioni likigeuka.

Ngoja lakini. Asije mtu akanielewa kwamba nahubiri kukaa kimya. Wapo watakaosema, "Mwachie Mungu." Mimi siwaungi mkono, na nitaeleza kwa nini. Ile miezi mitatu ya danadana, nyumbani kwa mjomba watu walikula. Walikula nini? Walikula advansi ya mteja mwingine, mama mmoja aliyetuagiza kabati. Kabati lake likachelewa wiki sita. Alipokuja kuulizia, mjomba akamwambia, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Mama, njoo Ijumaa."

Tunasema mafundi ni waongo, na kweli wengi ni waongo. Wapo wanaokula advansi wakazima simu, na mteja mwenye kazi mbovu ana haki ya kushikilia hela mpaka irekebishwe. Sipingi. Lakini uongo mwingine wa fundi ni deni lililohama. Bwana wa milango hakumdhulumu mjomba peke yake, alimdhulumu na yule mama wa kabati asiyemjua kwa jina wala kwa sura. Kwa hiyo fundi anayesamehe deni la mtu mwenye uwezo si mpole kama anavyojidhani. Anasamehe kwa mfuko wa mtu mwingine. Tena anamfundisha mteja kwamba inawezekana, na fundi atakayefuata ndiye atakayelipa ada ya somo hilo. Kudai, basi, ni wajibu. Aibu ya kudai, ambayo sisi tumelelewa nayo, inamfaa mdaiwa tu.

Basi anayedai asimame wapi? Jibu langu ni lilelile la ile sura ya 24: asimame nje ya mlango, lakini asimame. Asiingie, na asiondoke.

Kusimama huko kunaanza kabla ya kazi. Karatasi ya daftari yenye bei, tarehe na sahihi mbili inatosha kuanzia. Asiyetaka kuiandika amekwisha kukuambia yeye ni nani. Malipo yagawanywe, na sehemu kubwa iliyobaki itolewe milango ikiwa bado karakana, kabla haijapanda kirikuu. Fundi viatu na fundi redio wana nafuu hapa, maana kitu kiko mikononi mwao na wanaweza kukishikilia mpaka walipwe gharama ya kukitengeneza. Fundi wa milango akishafunga bawaba, silaha hiyo imekwisha. Akiirudia kwa bisibisi kama nilivyofanya mimi, anajitoa kwenye kudai anaingia kwenye kushtakiwa, na mdhulumiwa anageuka mwizi.

Hata bila karatasi, hakuharibiki kitu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo. Shida ni ushahidi tu, na ushahidi unaweza kuwa mtu aliyekuwepo, ujumbe wa simu, au muamala wa ile advansi. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo fundi anadaia kila siku. Na madai ya mkataba yana miaka sita kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, kwa hiyo mteja anayesema "limeshakuwa la zamani" anakutisha bure.

Mjomba alichofanya ni hiki. Kila Jumamosi alikwenda akakaa kwenye baraza la duka lililo jirani na ile nyumba, mchana, akiwa amevaa shati safi. Hakutukana mtu. Jirani akimuuliza, "Fundi, vipi tena?" anajibu, "Namsubiri mwenye nyumba, kuna hesabu yetu ya milango." Jumamosi ya tano bwana yule akamwita wenyewe wawili ofisi ya serikali ya mtaa, wakaandikiana. Amelipa 350,000 kwa mafungu. Zimebaki 150,000, na fungu la mwisho hajalitoa mpaka leo. Miaka sita haijaisha. Barua ya madai nimeiandika mimi, mara tatu, nikifuta kila neno la matusi, kwa sababu mjomba alisema matusi yakiingia deni linatoka.

Kwa hiyo siwezi kukudanganya, ndugu msomaji, kwamba njia hii inalipa upesi. Bisibisi ingeweza kulipa siku moja. Lakini mjomba anaweza kupita mtaa ule akasalimiwa. Mimi sipiti.

Maana liko na deni jingine ambalo halikuandikwa pale ofisini. Yule bibi alininywesha chai na kunishikia mlango, nami nikamwambia nimekuja kuutengeneza. Mpaka leo anaamini ulikuwa mbovu, ukapona. Nimekwishaandika kurasa hizi zote juu ya wanaokwepa kulipa, na kila Jumamosi najiambia nitakwenda kumwomba radhi Jumamosi ijayo.