*DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 18: Kadi ya Grafiki na Njaa ya Saa Tisa*



Ndugu yangu katika imani, leo tunasema na vijana wetu wenye kompyuta za gemu, na wazazi wanaoombwa hela ya kadi mpya ya grafiki. Wengine msipite, kila mtu ana "kadi" yake: simu, sofa, gari.

Ukifunga, saa tisa alasiri njaa inakuambia utamaliza sinia zima la biriani na jagi la juisi. Magharibi inaingia, unakula tende tatu na maji, njaa imeshatulia. Chakula ulikihitaji kweli, ila kile kiasi ulichodai saa tisa kilikuwa tamaa. Haja na tamaa zinaongea kwa sauti moja. Subira ndiyo inayozitenganisha.

Sasa itazame kadi yako kwa jicho hilo.

*1. Tatizo ni kadi kweli?* Gemu likikwama huku kadi inatumia nusu tu ya uwezo wake, kagua prosesa na RAM kwanza. Ikichemka sana, huenda ni vumbi kwenye feni. Monita ya Hz 60 inaonyesha picha 60 kwa sekunde; kama kadi yako inazitoa tayari, utalipia usichokiona.

*2. Haja ikiwepo, tusiikatae.* GTX 1060 ilitoka 2016. Gemu la Indiana Jones and the Great Circle, la 2024, linadai kadi yenye vifaa vya kukokotoa miale ya mwanga, na hiyo haina. Hapo kadi imefika mwisho wake. Na anayehariri video kwa riziki yake, kadi kwake ni jembe. Katika Suratul Furqan, Allah amewasifu waja Wake ambao wakitoa mali hawafuji wala hawafanyi ubakhili, wanashika katikati.

*3. Pesa ni yako?* Piga hesabu yote: RTX 3060 peke yake inapendekezewa pawa saplai ya wati 550, na ya kwako huenda haifiki. Kisha jiulize: kuna mtu anakudai? Ada ya mdogo wako imelipwa? Usiingie mkopo wa riba kwa ajili ya gemu. Na hili wengi wanalisahau: kompyuta unayoitumia haina zaka, lakini hela unayodunduliza ya kadi, ikijumlishwa na akiba yako nyingine ikafika nisabu na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, ina zaka ya asilimia 2.5.

*4. Nani kakutia hamu?* Kadi yako ilikuwa nzuri mpaka ulipoona ya rafiki yako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha katika mambo ya dunia tuwatazame walio chini yetu, tusije tukaidharau neema tuliyopewa.

*Kazi ya leo:* Andika kwenye karatasi jina la kadi, bei, na sababu moja tu. Ikunje, uiweke mpaka Idi ipite. Usifuatilie bei, usitazame video za kulinganisha kadi. Kumi la mwisho linabisha hodi; usiku ulio bora kuliko miezi elfu usikupite unahesabu fremu.

Baada ya Idi ifungue. Sababu ikiwa bado imesimama, pesa ni halali na hakuna haki ya mtu uliyoikalia, sema Bismillah ukanunue, na ile ya zamani mpe asiye nayo. Ukiisoma ukacheka, basi ilikuwa njaa ya saa tisa. Sehemu ya hela hiyo itoe sadaka.

Ewe Mola wetu, tukinaishe na ulichoturuzuku, utupe subira kabla ya kununua na shukrani baada yake. Uzikubali funga zetu. Aamin.

_Mtumie kijana wako, na mzazi wake pia._