Kilichotoka Mwilini ni cha Nani?

Maabara za leo huagiza chupa ndogo sana zenye unga mweupe usiojaza hata ncha ya kisu. Hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu, na bei yake yapita ile ya dhahabu mara nyingi. Unga huo ni sitokini, protini ambazo seli za mwili hupelekeana kama ujumbe. Mojawapo, iitwayo GM-CSF, huziamsha chembe nyeupe za damu. Huitwa protini ya binadamu, lakini haikutolewa katika mwili wa mtu. Jeni yake ilinakiliwa, ikapandikizwa katika bakteria au hamira (naam, jamaa ya ile iumuayo maandazi yetu), navyo vijidudu hivyo vyaitengeneza.

Huenda msomaji akauliza kama ni halali kuuza kitu cha namna hiyo. Sisi hatuoni kosa. Mtu hauzwi, hamira si mtu. Linalotusumbua liko nyuma zaidi, pale jeni ilikotoka.

Mwaka 1976 Mmarekani John Moore, mgonjwa wa kansa ya damu ya aina adimu, alitolewa bandama katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Upasuaji ulimfaa, akaishi hata mwaka 2001. Lakini kwa miaka ipatayo saba aliendelea kuitwa kutoka Seattle, atolewe damu na vinginevyo, naye, kwa maelezo yake mahakamani, akidhani ni kwa ajili ya afya yake tu. Kumbe seli zake zilikuwa zikikuzwa maabarani, maana zilitoa sitokini kwa wingi. Mwaka 1983 aliletewa karatasi ya kuachilia haki zake zote katika seli hizo; akakataa, akaenda kwa wakili. Mwaka 1984 chuo kilipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, juu ya ukoo wa seli hizo. Mwaka uliofuata jeni ya GM-CSF ilinakiliwa kutoka ukoo huo huo.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya California ilihukumu kwamba seli zikisha kutolewa, mgonjwa hawezi kuzidai kuwa mali yake. Ila daktari ampasa kumweleza faida yoyote anayoitazamia, ya utafiti au ya fedha, kabla ya kuomba idhini.

Neno la kwanza twalikubali kwa shingo upande. Viungo vikiwa bidhaa, maskini ndiye atakayetangulia sokoni. Hata hivyo jaji Stanley Mosk alipinga, na kweli ni ajabu kwamba wote waruhusiwe kufaidi isipokuwa yule aliyekatwa.

Neno la pili twalishika kwa mikono miwili. Alalaye juu ya meza ya upasuaji amejikabidhi kama mtoto mgongoni mwa mamaye. Kumficha jambo hapo ni kumnyang'anya zaidi ya bandama, kwa kuwa hakuna awezaye kutoa zawadi asiyoijua. Dawa ya GM-CSF, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, huwasaidia wagonjwa wa kansa ambao chembe zao nyeupe zimepungua. Pengine Bwana Moore, kama angeombwa, angetoa bure na kwa furaha.

Basi ninyi wasomaji wetu mlio madaktari na wauguzi, twawaomba karatasi ya idhini muisome kwa sauti, kwa lugha ya mgonjwa, kabla ya kumpa kalamu.