Ahadi kwa Asiyeweza Kudai

Mtu akimwahidi jirani yake kitu asimpe, jirani ana ulimi wa kudai; tena wapo wazee na kadhi. Hayawani hana ulimi wala wakili. Je, ahadi apewayo hayawani ni ahadi kweli, au ni maneno ambayo mwanadamu hujisemea mwenyewe? Katika jangwa la Omani swali hili limekwisha kuulizwa kwa vitendo.

Jiddat al-Harasis ni nyika tambarare ya mawe isiyo na mto. Uhai wake hutegemea ukungu utokao baharini usiku ukalowesha majani. Huko choroa mweupe, awezaye kukaa siku nyingi bila kuonja maji, aliishi jirani na kabila la Waharasi. Na huko wale wa mwisho waliokuwa huru waliangamizwa na wawindaji mwaka 1972. Kizazi chake kilisalia utumwani tu, kwani mwaka 1962 msafara ulioongozwa na Meja Ian Grimwood, mkuu wa wahifadhi wanyama wa Kenya, ulikuwa umewakamata wachache kusini mwa Arabuni, wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 1982 kundi la kwanza lilifunguliwa nyikani, na Waharasi wenyewe wakaajiriwa kulilinda. Kufikia mwaka 1996 choroa walikuwa kiasi cha 450, na tandawala nao walikuwa na makazi katika hifadhi hiyo hiyo.

Ndipo shari ikaingia kwa mlango usiotazamiwa. Wezi wale hawakutaka nyama. Walitaka choroa walio hai, hasa majike, wawauzie matajiri wenye mabustani ya faragha. Basi aliyemmaliza mnyama huyu hakumchukia hata kidogo. Alimpenda, kama mtu apendavyo johari, na sijui kama kuna chuki iliyopata kumdhuru zaidi. Mwaka 2007 walibaki kiasi cha 65. Serikali ikaipunguza hifadhi kwa asilimia 90, ipate kutafuta mafuta, na UNESCO ikaifuta katika orodha ya urithi wa dunia ilimoandikwa mwaka 1994. Hakuna mahali palipowahi kufutwa kabla yake.

Atasema mtu: mafuta hulisha watu, na mtu hutangulia mnyama. Hoja hii ina uzito, nami siikatai yote. Lakini tumtazame mlezi alaye mali ya yatima. Ububu wa mtoto haulifuti deni. Kwa desturi zetu hulizidisha. Utajibiwa kwamba yatima atakua adai, na choroa hatakua akawa mdai. Vema, na yatima afaye mchanga, je, deni lake hufa naye? Sijamsikia mtu mwadilifu akisema hivyo.

Wapo wanaoona kwamba deni limelipwa, kwa kuwa choroa weupe wamefunguliwa katika nchi nyingine pia, wakaongezeka hata mwaka 2011 wakahesabiwa kuwa katika hatari iliyo nafuu zaidi. Habari hiyo ni njema. Walakini ahadi ya Jiddat al-Harasis haikutolewa kwa jinsi nzima ya choroa popote iwapo. Ilitolewa kwa wanyama wale, katika nyika ile, mbele ya Waharasi walioishuhudia na walio na ulimi.